Heady au intoxicating? Kuchagua kivumishi cha raha inayopanda kichwani

Vijana wanaotembeza wageni Mikindani, na wenye nyumba za kulala wageni kuanzia Mtwara mjini mpaka Kilwa Masoko, wamezoea kuniletea maandishi yao ya Kiingereza niyapitie kabla hayajachapwa au kuwekwa mtandaoni. Sarufi yao kwa kawaida ni nzuri. Wanakwama kwenye vivumishi vya raha, pale mtu anapotaka kusema kwamba kitu kinapendeza hadi kinamtoa msikilizaji kwenye utulivu wake na kumpa furaha yenye kizunguzungu ndani yake. Mikorosho ikichanua. Harusi ikikolea. Bahari ya Msimbati maji yakiwa yamejaa na jua bado kali. Kiingereza kina maneno manne yanayogombania nafasi hiyo: heady, intoxicating, exhilarating na giddy. Kamusi ndogo tulizozizoea shuleni huyaeleza kwa namna inayofanana mno, basi mtu huokota lililo karibu na mkono wake.

Kuokota hivyo kunatugharimu, kwa sababu msomaji mzawa wa lugha ile huhisi tofauti hata pale asipoweza kuieleza. Nitayaweka bega kwa bega kwa kutumia mambo yetu ya kusini. Heady nitalipa nafasi kubwa kuliko mengine. Ndilo linalokosewa zaidi, na likikaa mahali pake hakuna jingine linaloweza kufanya kazi yake.

Heady lina nini ndani

Neno limetokana na head, yaani kichwa. Tangu karne ya 14 lilimaanisha mtu wa pupa, asiyeshikika, anayejitupa mbele kabla ya kufikiri. Raha haikuwamo kabisa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia hivyo katika 2 Timotheo 3:4, kwenye orodha ya tabia za watu wa siku za mwisho, na Biblia yetu ya Kiswahili mahali hapohapo inasema "wakaidi". Shakespeare, katika tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Tano, alilitumia kwa mkondo wa mafuriko. Aliyewahi kuuona mto Lukuledi ukipita kwa hasira wakati wa mvua ataielewa picha hiyo bila maelezo.

Karne ya 16 neno likahamia kwenye vileo: heady ikawa pombe inayopanda kichwani upesi. Baadaye likaenea kwa chochote chenye nguvu ya namna hiyo, iwe harufu, ushindi, mazungumzo au kipindi kizima cha historia. Maana ya ukaidi sasa ni kama imezikwa, ila haikuondoka bila kuacha kitu. Ndani ya heady kuna furaha, na ndani ya furaha hiyo kuna pupa. Kitu kilicho heady kinakuchangamsha na kukupunguzia uangalifu kwa wakati mmoja. Ukikosa nusu moja kati ya hizo, neno hilo si lako.

Sarufi nayo inaamua mengi. Heady husifu kitu, wakati, mchanganyiko au hali, haisifu mtu. Mara nyingi hukaa mbele ya nomino, na nomino zenyewe si nyingi: days, mix, scent, perfume, brew, cocktail, atmosphere, success. Nje ya hizo linatumika pia, lakini anayejifunza afadhali abaki humo mpaka sikio lake lizoee.

Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini, ameandika "I am a heady person", akikusudia kwamba ana akili.

"Mwalimu, si tunasema fulani ana kichwa?" akaniuliza.

"Tunasema, mwanangu. Lakini hiki ni kichwa kilichopandwa na kitu."

Kuna upande mmoja ambako angepona kidogo. Wamarekani humwita heady mchezaji anayetumia akili uwanjani, na mjadala mzito wa mawazo nao huuita heady. Lakini barua ya kazi inayosomwa Mtwara na meneja ambaye huenda kasomea kwa Waingereza au kwa Wahindi si mahali pa kubahatisha. Kwa mtu, andika bright, quick au sensible, uende zako.

Siku za gesi na siku za karanga

Kifungu "heady days" kinatufaa sana sisi watu wa kusini, maana tumezipitia siku hizo zaidi ya mara moja.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 ikakaa miaka mingi bila kelele. Kelele zilikuja kuanzia 2010, visima vya bahari ya kina kirefu vilipoanza kuleta habari njema mfululizo. Kodi za nyumba Mtwara zikapanda, viwanja vikabadili mikono, nyumba za wageni zikajengwa kwa haraka, na vijana wakawa wanaulizana kozi gani itawapeleka kwenye mitambo. Kila mazungumzo ya kibarazani yalifika kwenye gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaporomoka na kampuni nyingi zilikuwa zimepunguza mwendo.

Mwandishi anayesema "the heady days of the gas boom" ameeleza hayo yote kwa neno moja: bei, ndoto, haraka, na kwamba watu hawakuwa wakipiga hesabu kwa utulivu. Sikiliza vilevile kwamba neno linatazama nyuma. Anayesema heady days tayari anajua zilivyoisha. Weka intoxicating mahali pake na sentensi itasimama, ila sasa inazungumzia hisia za mtu binafsi, utamu aliouonja yeye, na wakati wenyewe unapotea. Weka exhilarating na umebakiza sifa tupu, onyo limeondoka. Kwa gesi, heady halina mpinzani.

Kwa mpaka mmoja lakini. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, kulitokea vurugu kuhusu bomba hilo na watu walipoteza maisha. Sentensi inayogusa vifo hivyo isiwe na heady hata kwa mbali. Lizungumzie mwaka 2011 na 2012, kisha liishie hapo.

Mpango wa karanga ni mfano ulioiva zaidi, kwa kuwa pupa yake iliandikwa na kuchunguzwa na Waingereza wenyewe. Mwaka 1947 serikali yao, ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka pori la Tanganyika huko Kongwa, Urambo na Nachingwea kwetu. Makadirio ya kwanza yalizungumzia zaidi ya ekari milioni tatu. Walifikia hata kugeuza vifaru vya vita kuwa matrekta. Reli ikajengwa kwa ajili ya Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikazaliwa kutokana na mpango huo. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua hazikufuata makaratasi, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza takriban paundi milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari tunayo mpaka leo na korosho zetu zinapita hapo.

Ukimwandikia mgeni habari za bandari, sentensi kama "It was planned in the heady early months of the Groundnut Scheme" inabeba matumaini na upofu kwa pamoja. Hapa giddy lingewafanya maofisa wale waonekane watoto wanaocheza, na hilo lingewapunguzia wajibu. Heady linawaacha wakiwa watu wazima waliotekwa na wazo kubwa.

Halafu kuna Uhuru. "The heady days of independence" ni kifungu ambacho Waingereza wamekitumia kwa nchi nyingi za Afrika, na kwa Desemba 9, 1961 kinakubalika, kwa kuwa furaha ilikuwa kubwa kweli na matarajio yaliruka mbali kuliko hazina ya serikali. Wito wa "Uhuru na Kazi" ulikuwa ukijibu hali hiyohiyo. Hata hivyo mimi hulipima neno hili kwa kuangalia ni nani anayesema. Mzee wa Lindi akisimulia ujana wake akasema siku zile zilikuwa heady, ni ushuhuda. Mwandishi wa mbali akilirudia kila anapoitaja Afrika ya miaka ya 1960, ananong'ona kwamba tulikuwa tumelewa na uhuru wetu. Tulikuwa na furaha iliyotustahili. Kwa hiyo ukiandika wewe, liandike mara moja, kisha taja watu walifanya nini.

Kifungu kingine cha kuangaliwa ni "heady heights", vilele vya kupandisha kizunguzungu. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Shabiki anatamani kuandika kwamba timu imefika "heady heights". Asiandike. Waingereza wamelitumia kifungu hicho kwa kejeli mara nyingi mno, kwa mfano juu ya timu iliyoshika nafasi ya kumi na mbili, hivi kwamba msomaji atadhani Namungo inachekwa. Andika "remarkable rise" na sifa itafika ikiwa nzima.

Intoxicating: sumu ya mishale na sheria ya vileo

Neno hili lina asili kali kuliko mwenzake. Limepitia Kilatini cha zama za kati, ambako lilimaanisha kutia sumu, na nyuma yake liko neno la Kigiriki la sumu iliyopakwa kwenye mishale. Heady limetoka kichwani. Intoxicating limetoka kwenye kitu kinachoingia mwilini na kukutawala. Tofauti hiyo ya asili bado inafanya kazi.

Intoxicating lina maisha mawili. La kwanza ni la kisheria. Sheria yetu ya Vileo, Sura ya 77, kwa Kiingereza inaitwa Intoxicating Liquors Act, ya mwaka 1968, na hapo neno halina ushairi wowote: linataja kinywaji kinacholevya ili kiwekewe leseni na saa za kuuzia. Huwezi kuweka heady hapo. Jamaa yake, intoxicated, ni neno la polisi, la shirika la ndege na la kampuni ya bima, kwa hiyo mgeni aliyefurahia chakula cha jioni usimwite intoxicated hata kama unakusudia mahaba na mandhari. Atajiona ameandikwa kwenye ripoti.

Maisha ya pili ni ya hisia, na huko intoxicating linafika mahali ambapo heady halifiki. Linakubali sauti ya mtu, uzuri wa mtu, madaraka, mapenzi. "Her voice was intoxicating" ni sentensi iliyokamilika. Ukiweka heady pale inateleza. Nadhani tofauti kubwa ni mwelekeo. Heady inakuzingira pande zote mpaka unayumba kidogo, wakati intoxicating ina kitu kimoja kinachokuvuta, nawe unataka tena. Ndiyo maana Kiingereza kikisema "power is intoxicating" kinakaa pamoja na sisi tunaposema mtu amelewa madaraka: hataki kuyaachia.

Tuyapime kwenye harufu, kwa kuwa huko ndiko maneno haya mawili hukutana mara nyingi.

Oktoba na Novemba, korosho zikiwa zimeshang'olewa kwenye mabibo na mabibo yenyewe kulundikana chini ya miti, hewa ya shamba huwa tamu yenye uchachu. Inaelekea kwenye uraka, pombe ya mabibo, kabla mtu hajakamua hata bibo moja. Mgeni akipitishwa shambani wakati huo, "the heady smell of fermenting cashew apples" ni sahihi kwa pande mbili: harufu imejaa kila mahali na inapanda kichwani, na kilichomo ndani yake ni kileo kinachoanza kuumbika. Intoxicating hapa lingeongeza mvuto wa kimahaba ambao lundo la mabibo halina. Kwa maua ya mikorosho, miezi kadhaa kabla, kabla hujaandika chochote jiulize kama shamba limepuliziwa salfa wiki hiyo dhidi ya ubwiri unga. Kama limepuliziwa, mgeni hatakusadiki na kivumishi chochote.

Sasa ingia ndani ya nyumba ya harusi Mikindani au Lindi mjini: asumini, mlangilangi, kikuba kilichofungwa kwa uangalifu, moshi wa udi uliotulia kwenye nguo. Maneno yote mawili yanaruhusiwa, na unalochagua linabadilisha habari. "A heady scent of jasmine and oud" inaeleza chumba, yaani ukifungua mlango harufu inakupokea. "An intoxicating scent" inamwelekea aliyeivaa. Kwa bibi arusi machoni pa mumewe, la pili lina haki yake. Kwa maelezo ya mila zetu yatakayosomwa na mgeni asiyemjua mtu yeyote mle ndani, chagua la kwanza, kwa heshima ya wenye nyumba.

Jambo la mwisho kuhusu intoxicating ni la kibiashara, na nimeliona likileta usumbufu. Nyumba nyingi za wageni mkoani Lindi na Mtwara haziuzi pombe, na wenyewe wanajivunia hilo. Mwenye nyumba mmoja alikuwa ameandika "intoxicating nights by the sea", akimaanisha upepo na mbalamwezi. Wageni wakawa wanafika na kuulizia baa. Tulibadilisha ikawa "long, breezy nights by the sea" na neno limetimiza ahadi. Heady lisingekuwa tiba kamili hapo, kwa sababu nalo lina pombe kwenye damu yake. "Heady brew" hasa ni kifungu cha kinywaji, kwa hiyo usikiweke kwenye chai ya mchaichai.

Exhilarating na giddy, kwa ufupi

Exhilarating limetoka kwenye neno la Kilatini la uchangamfu, na katika manne haya ndilo pekee ambalo akili inabaki macho. Halina ulevi. Damu inakimbia, mapafu yamefunguka, unaona kila kitu wazi. Kupiga mbizi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ni exhilarating. Kukata mawimbi kwa ngalawa upepo wa kusi ukivuma ni exhilarating. Kwa michezo, safari na hewa safi, ukiwa na shaka chukua hili, ni salama. Kwa harufu na kwa kipindi cha historia liache.

Giddy ni la mtu. Linaeleza aliyeshikwa na furaha, si kilichomshika: "giddy with joy", "giddy with excitement". Ni jepesi, lina utoto ndani yake, kwa hiyo linawafaa wanafunzi waliosikia matokeo mazuri, na mimi nisingelitumia kwa mzee wala kwa kiongozi wa mila. Asili yake imenigusa sana. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mtu aliyeingiwa na pepo. Sisi tuna kupagawa, ambalo limepita njia hiyohiyo kutoka kwenye pepo hadi kwenye muziki na mpira, ila letu bado linakumbuka lilikotoka. Watangazaji wanaposema mashabiki wamepagawa, kila msikilizaji anajua kwamba neno lina mizizi kwenye uganga. Giddy limeshasahau. Kwa hiyo ukitafsiri kupagawa kwa giddy umelipunguza. "Wild with joy" liko karibu zaidi.

Mahali pa kuyaacha yote

Nimesoma maelezo mengi ya ngoma za Kimakonde yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na karibu yote yana "intoxicating rhythms" au "heady drumming". Sindimba inapigwa na watu wanaojua wanachofanya. Mpigaji anahesabu, mchezaji anahesabu, kosa dogo linaonekana na linachekwa. Kivumishi cha ulevi kinaufuta ujuzi huo na kumwachia mgeni picha ya watu waliopoteza fahamu. Eleza ngoma ngapi zinapigwa, nani anaanza, miguu inafanya nini. Jando na unyago vivyo hivyo: ni shule, na shule haielezwi kwa maneno ya kulewa.

Mikindani kuna majengo ambayo mgeni anayauliza lazima. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 unaweza kulieleza utakavyo. Livingstone alipita mjini humo mwaka 1866, kabla boma halijajengwa, kuanza safari yake ya mwisho ya bara, na habari hiyo wala haihitaji chumvi. Lakini mji huo ulihusika na biashara ya watumwa, na nimekutana na sentensi "the heady days of the caravan trade". Walioingia mjini wakiwa wamefungwa shingoni hawakuwa na siku za namna hiyo. Heady linachukua upande wa aliyefurahia. Kabla ya kulitumia kwa kipindi chochote, uliza ni nani aliyekuwa akifurahi na ni nani aliyelipa. Kama waliolipa ni hao unaowasimulia, toa neno.

Kuhusu Maji Maji nimebishana na watu ninaowaheshimu. Wapo wanaoona kwamba wiki za mwanzo, Kinjikitile Ngwale alipokuwa akivuta makundi ya watu Ngarambe, na kisha watu wa Nandete katika milima ya Matumbi walipong'oa pamba Julai 1905, zinaweza kuitwa heady: kulikuwa na msisimko, umoja mpya, imani kubwa. Naelewa hoja. Bado sikubali. Watawala wa wakati ule ndio waliotaka ionekane kwamba watu walikuwa wamelewa uchawi, na kivumishi hiki kinawaunga mkono bila kukusudia. Waliong'oa pamba walikuwa na sababu wanazoweza kuzitaja moja moja: kulimishwa kwa nguvu, malipo duni, viboko. Andika "electrifying" kama lazima uandike kitu, au "hopeful", au taja pamba na viboko, uache vivumishi.

Ukitafsiri kuja kwetu

Wanaofanya kazi ya kutafsiri huniuliza neno moja la Kiswahili la heady. Halipo moja, na si hasara.

Kwa heady days, vuguvugu linafanya kazi nzuri zaidi ya yote ninayoyajua: siku za vuguvugu la uhuru, siku za vuguvugu la gesi. Lina joto ndani yake na linadokeza kwamba joto hupoa. Shamrashamra ni sherehe tu, haina pupa. Kwa heady success, tuna kulewa mafanikio na kulewa sifa, ila haya yanalaumu waziwazi, wakati Kiingereza kinalaumu nusu tu. Basi tazama kama mwandishi alikuwa akilaumu au akikumbuka kwa mapenzi. Kwa heady mix, mchanganyiko mkali unatosha mara nyingi.

Harufu ndiyo yenye mtego. Wengi huandika "harufu ya kulevya" na kisarufi ni sawa kabisa, lakini dawa za kulevya zimelishika neno hilo kwa nguvu, na msomaji wa leo anaziona hizo kwanza kabla ya kuliona ua. Mimi huandika harufu inayopanda kichwani, au harufu inayojaa kifuani. Kulevya nalibakizia intoxicating ya mahaba, "macho ya kulevya", ambako muktadha wenyewe unamfukuza askari. Exhilarating ni ya kusisimua na kuchangamsha damu, halina ugumu.

Matamshi, kisha tumalize

Heady hutamkwa "hedi", likiimba pamoja na ready na steady. Wengi wetu husema "hidi" kwa kufuata herufi, na mgeni husikia heedy, neno ambalo leo halitumiki. Kulinganisha kwake ni headier na headiest, y ikigeuka i. Intoxicating, kwa kuwa ni refu, huchukua more na most. Exhilarating wengi huikosea herufi: baada ya x kuna h isiyosikika, na katikati ni a, yaani exhila-, si exhile-.

Na ukishachagua, tumia heady mara moja katika ukurasa mzima. Nguvu yake ni ya kushtukiza, na likirudi aya inayofuata linakuwa mazoea. Kama kitu cha pili kinadai neno hilohilo, ni safari ya bahari basi ipe exhilarating. Ni harufu nyingine basi taja ua, taja mwezi, taja uchachu wenyewe, msomaji atafika bila kusukumwa.